Kinanda Hakijipigi

MZEE: Nasema tena, na mama yako asikie. Hicho kinanda kinajipiga chenyewe. Unabonyeza kidude kimoja, ngoma zinaanza. Unaweka kidole kimoja cha mkono wa kushoto, besi inaingia, gitaa linaitikia, na matarumbeta juu yake. Sasa hapo wewe umefanya nini, mjukuu wangu? Umefungulia redio.

KIJANA: Shikamoo kwanza, babu.

MZEE: Marahaba. Nijibu.

KIJANA: Nimechagua. Midundo iliyomo mle ndani ni zaidi ya mia, na mingi haifai kabisa. Kuutafuta ule mmoja unaokaa na maneno yetu, kuupunguza mwendo, kuzima matarumbeta, kubakiza besi na ngoma tu, hiyo nayo ni kazi.

MZEE: Kuchagua kitambaa dukani si kushona.

Tuwaache kidogo wapumue, tuwajue ni akina nani. Baraza liko Magomeni, Dar es Salaam. Nimewakusanya mwenyewe kwa kalamu, kwa hiyo msiende kuitafuta nyumba yao. Lakini hoja zao sikuzitunga, zinasikika kila palipo na vijana, kompyuta na mlango uliofungwa. Kijana yuko kidato cha tatu. Amepata kinanda kipya cha vitufe 61, na pamoja na wenzake anarekodi nyimbo chumbani kwake kila wikendi. Binti ndiye mwimbaji wao. Anatoka nyumba ya pili na amekulia madrasa, kwenye kaswida. Mama ni mama wa Kijana, mnunuzi wa umeme wa Luku, yaani mfadhili mkuu wa muziki wote huu. Mzee ni mjomba wa Mama, alipiga kinanda kwenye vikundi vya taarabu miaka ya tisini. Fundi anafanya kazi studio na amepita tu kurudisha waya aliouazima. Ndivyo mafundi walivyo: hupita tu, na huondoka usiku.

FUNDI: Mzee, kwa heshima yako, naomba nitoe kisa. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kidogo kinachoitwa MT-40. Kidogo kwelikweli, vitufe vyembamba, ukikiona utasema cha mtoto. Midundo iliyomo ilitungwa na dada mmoja, Hiroko Okuda, aliyekuwa ametoka chuo cha muziki na kuajiriwa mwaka mmoja nyuma. Mmojawapo wa midundo hiyo uliitwa roki. Basi, kinanda hicho kikafika Kingston, Jamaika, kwa kijana Noel Davey. Rafiki yake Wayne Smith alikuwa mwimbaji, hata miaka 20 hajatimiza. Wakabonyeza roki. Wakaupenda, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy, yeye akaupunguza mwendo na kuongezea vitu vyake. Wimbo ukatoka mwaka 1985, Under Mi Sleng Teng. Baada ya hapo studio za Kingston zikaanza kuacha bendi na kuhamia kwenye mashine, na mdundo ule umeimbiwa nyimbo kwa mamia.

MZEE: Kwa hiyo mwenye wimbo ni Mjapani.

FUNDI: Mwenye mdundo. Na hapo ndipo utamu ulipo, mzee. Huyo dada aliipenda rege kiasi kwamba tasnifu yake ya chuo aliiandika juu ya rege. Lakini kinanda kiliuzwa duniani kote, mdundo umeandikwa roki, watu wanaubonyeza na kupita. Walioisikia rege ndani yake ni vijana wawili wa Kingston chumbani.

MZEE: Huyo mmoja. Na takataka ngapi zilitoka mwaka huohuo?

BINTI: Babu, na bendi mbovu za enzi zenu mlizihesabu?

MZEE: Wewe nyamaza, wewe ni wa upande wangu, hujajua tu bado.

Maneno hayo ya mwisho yawekwe akiba. Mzee hajayasema kwa mzaha.

MAMA: Mjomba, nikukumbushe na mimi, maana nilikuwa mdogo lakini macho nilikuwa nayo. Ilipokuja taarabu ya kisasa, ile safu ya fidla ilikwenda wapi? Kanuni ilikwenda wapi? Na nai? Na akodioni? Jukwaani nilikuwa naona vinanda, gitaa na besi, basi. Na fidla bado zinasikika! Nikamuuliza mama, wapigaji wako wapi? Akanyoosha kidole, akasema mpigaji ni mjomba wako. Ulikuwa unabonyeza kidude.

MZEE: Kumbi zilitaka watu wacheze. East African Melody walikwenda hivyo, TOT wakaenda hivyo, Muungano vilevile. Kusafirisha watu ishirini kwenda kupiga harusi Morogoro si mchezo, mpwa wangu. Na msinitazame mimi peke yangu. Black Star wa Tanga walishaingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu zamani, sisi hata vinanda hatujavigusa.

KIJANA: Kwa hiyo kidude chako kilikuwa halali.

MZEE: Kidude changu kilipigwa na mtu anayejua anachokitafuta!

Amekamatwa, na anajua. Ila kuna jambo ambalo hata waliomkamata hawakulitaja. Singeli, ambayo wazee wengi wa rika lake wanaiita kelele, ilianza kwa vijana wa uswahilini wa Dar kuchukua vipande vya ala za taarabu hiyohiyo ya kisasa, kuvizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Vinanda vya kina Mzee ndivyo vilivyokuwa malighafi. Kutoka studio ya Sisso pale Mburahati, chumba cha kawaida na kompyuta ya kawaida, nyimbo zilikusanywa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 zikatolewa kwa jina Sounds of Sisso, na baadaye wapigaji wake wakaitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mzee ana wajukuu wa kisanaa asiowajua, na hajawahi kupata mwaliko wa kuonana nao. Mimi ningependa kuuona mkutano huo.

Lakini hoja ya kidude imeshakuwa ndefu kupita thamani yake. Sikuwahi kumwona mtu aliyeacha kuupenda wimbo kwa sababu mdundo wake ulitoka kiwandani. Mzee mwenyewe anaiacha sasa, anashika nyingine iliyo nzito zaidi.

MZEE: Haya, tuseme nimekubali. Tofauti iko hapa. Sisi tulijua kupiga ndipo tukarekodi. Nyinyi mnarekodi ndipo mjifunze kupiga.

KIJANA: Babu, wewe ulijisikia lini mara ya kwanza? Yaani kusikia mkono wako mwenyewe, umekaa pembeni kama msikilizaji?

MZEE: Kwenye kanda. Nilikuwa nimeshapiga miaka mingi. Nimo ndani ya daladala, wimbo unapigwa, nikasikia mahali nilipokimbiza. Mpaka leo ukiuweka wimbo ule naruka pale. Siwezi kuusikiliza.

BINTI: Na ungeweza kurudia?

MZEE: Nirudie vipi? Kanda zilishauzwa. Na kaka zetu wa dansi waliotutangulia ndio walipata taabu zaidi. Wewe na bendi yako mlikwenda Radio Tanzania, mkaingia chumbani wote kwa pamoja, mkapiga wote kwa pamoja. Mkitoka, mkanda unabaki maktaba ya redio. Mwanamuziki akitaka kujisikia asubiri redio impige, kama mtu mwingine yeyote. Sahani zikitengenezwa zinatengenezwa Nairobi. Nani angekupa nafasi ya kujifunza studio? Ulikwenda ukiwa umeiva.

Hapa Mzee ameeleza kwa nini kizazi chao kilikuwa kinafanya mazoezi sana, na amedhani anaeleza ubora wa tabia zao. Studio zilikuwa chache, foleni ndefu, muda mfupi, na mkanda haukuwa wako. Ulikuwa huna budi kuiva kabla, kwa sababu hapakuwa na baada. Milango ilianza kufunguka miaka ya tisini: sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, na redio zikihitaji nyimbo, studio za watu binafsi zikaota. Kizazi cha bongo fleva kiliingia kwa mlango huo, kwa maprodyuza kama Master J na P-Funk. Bado ulilipia saa. Bado ulikaa kwenye benchi ukisubiri mwenye mashine akuone.

Kilichobadilika sasa chumbani kwa Kijana ni hiki: anapiga jioni, anajisikia jioni ileile, anarudia jioni ileile, na hakuna anayemtoza kwa saa isipokuwa mama yake kwa Luku. Kwangu mimi hilo ndilo jambo lote. Urahisi wa kutengeneza muziki si habari kubwa. Filimbi ya mpapai nayo ni rahisi. Habari kubwa ni kwamba mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kukaa kando ya nafsi yake akaisikiliza kama anavyomsikiliza mtu mwingine, akachukia alichokisikia, akarudia. Mzee alisubiri miaka kuipata nafasi hiyo na alipoipata ilikuwa imeshauzwa.

Sasa tumuulize Kijana kama anaitumia.

MAMA: Muulize mimi nikiwepo. Kompyuta imejaa nyimbo. Nikipita mlangoni nasikia mwanzo wa wimbo. Kesho yake mwanzo wa wimbo mwingine. Mwanangu, mbona nyimbo zenu hazina mwisho?

KIJANA: Mama, zile ni biti. Nazihifadhi.

MAMA: Kama zipi? Nitajie moja iliyokwisha.

KIJANA: Kuna ile ya... ile haijachanganywa. Ile nyingine inasubiri ubeti wa pili.

FUNDI: Nimsaidie kidogo, hata studio kubwa zina kaburi la biti. Ila dogo, mama yako amekugusa penyewe. Kinanda kipya kina sauti nyingi mno. Kila ukikwama unabadilisha sauti, unajiona umetunga. Ningekuwa wewe ningechagua sauti nne nikazifunika nyingine kwa gundi ya karatasi mpaka wimbo uishe.

KIJANA: Kaka, haifunikiki, iko kwenye skrini.

FUNDI: Basi funika skrini.

Kuhusu chumba sitasema mengi. Ukuta umebandikwa trei za mayai, kama ilivyo kwenye kila studio ya chumbani kuanzia Mbagala hadi Kisauni, na Fundi amewaambia kama alivyowaambia wengine: trei hazizuii sauti isitoke, jirani anaisikia besi yote kama ilivyo. Zinapunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba, na zikishika moto zinawaka kama karatasi, kwa sababu ni karatasi. Godoro lililosimamishwa na mablanketi mawili yanamfaa mwimbaji kuliko trei mia. Kabati la nguo likifunguliwa milango, mwimbaji akaimba akiwa ameelekea kwenye nguo, ni bora zaidi. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna godoro wala kabati, mnakunywa chai. Mama ameongeza sharti lake, kwamba saa nne usiku spika zinazimwa na watu wanavaa hedifoni, na sharti hilo halikuwekwa mezani kujadiliwa.

BINTI: Naomba na mimi niseme. Maana mnazungumza kinanda, kinanda, na mimi ndiye ninayeambiwa nakosea. Kila tukirekodi naambiwa nachelewa. Nachelewa, nachelewa. Nyumbani naimba kwa kupiga makofi, sichelewi. Madrasa naimba na dufu, sichelewi. Nikivaa hedifoni za huyu, nachelewa.

KIJANA: Sikusingizii. Ukiangalia kwenye skrini, sauti yako iko nyuma ya mdundo.

FUNDI: Subiri. Anajisikia kupitia kompyuta?

KIJANA: Ndiyo.

FUNDI: Umeweka sampuli ngapi?

KIJANA: Elfu moja na ishirini na nne. Nikishusha inakwaruza.

FUNDI: Basi mwombe radhi mwenzio. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu. Kwa sekunde moja inapokea sampuli 44,100. Ukiiambia isubiri 1,024 ndipo ishughulike, umeichelewesha milisekunde 23. Sauti inaingia, inachelewa. Inatoka kwenda masikioni kwake, inachelewa tena. Anaimba neno, analisikia likimjia kwa nyuma. Mtu yeyote atajivuta kulisubiri. Mimi ningejivuta, marehemu Bi Kidude angejivuta. Shusha mpaka 256, ni kama milisekunde sita kwa safari moja. Ikikwaruza, zima vitu vingine vyote, au mfanye ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye kile kisanduku cha maikrofoni, sauti isipite kwenye kompyuta kwanza.

KIJANA: Mbona mimi nikipiga kinanda hiyo shida siioni?

FUNDI: Unachelewa vilevile, ila unafuta kosa. Unapiga, halafu unafanya nini?

KIJANA: Naichagua yote, nainyoosha.

FUNDI: Haya.

Lile neno moja la Fundi lina mambo, na wasomaji wasiokuwa na mashine hizi wanastahili kuelezwa. Waya unaotoka kwenye kinanda kwenda kwenye kompyuta mara nyingi haubebi sauti. Unabeba maagizo: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 0 na 127, sasa kimeachiwa. Lugha hiyo ya maagizo inaitwa MIDI. Ilianza kutumika mwaka 1983, pale kampuni hasimu za Marekani na Japani zilipokubaliana kwamba kinanda cha huyu kiweze kuzungumza na cha yule, na mpaka leo karibu vinanda vyote vya umeme vinaielewa. Kwa kuwa ni maagizo tu, unaweza kuyasogeza. Kidole kilichochelewa unakirudisha mahali pake. Kidole kilichogusa kitufe cha jirani unakihamisha. Hakuna atakayejua.

Sauti ya binadamu haikupewa huruma hiyo. Imerekodiwa yenyewe, pamoja na pumzi na mate yake. Ipo programu ya kuisogeza, lakini ukiisogeza sana inasikika. Kwa hiyo chumbani mle, miezi yote hiyo, makosa ya Kijana yalikuwa yakifutwa kimyakimya usiku kwa kipanya cha kompyuta, na makosa ya Binti yalikuwa yakichezwa kwa spika mbele ya kila mtu. Wakafikia uamuzi kwamba Kijana anajua na Binti hajui. Nimeona urafiki ukifa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na aliyekuwa na kipaji ndiye aliyeacha.

MZEE: Sasa mimi naomba wimbo upigwe. Ule wenu, wa juzi. Na wewe, binti, uimbe hapahapa bila hivyo vidude vya masikioni.

(Wanapiga. Binti anaimba. Mzee anainua mkono.)

MZEE: Hapo! Rudia hapo. Umesikia, Fundi?

FUNDI: Nimesikia.

KIJANA: Hapo ndipo anapotoka nje. Nimeshamwambia. Nimeweka hata programu ya kunyoosha sauti imvute, inamvuta lakini anasikika kama roboti.

MZEE: Inamvutia wapi?

KIJANA: Kwenye noti ya Mi.

MZEE: Mi ipi, mjukuu wangu? Ya nani? Huyu anaimba maqamu ya Rasti. Kafundishwa madrasa, kwa masikio, na mwalimu wake kafundishwa hivyohivyo. Mi ya Rasti haimo kwenye kinanda chako. Iko katikati, kati ya kile cheupe na kile cheusi kilicho kushoto kwake. Hakuna kitufe hapo, kuna mbao! Noti ya Si kule juu nayo vivyo hivyo. Wewe una sauti kumi na mbili, huyu ana zaidi. Halafu unamletea mashine imnyooshe!

BINTI: Babu, mimi nilidhani kweli natoka nje.

MZEE: Nilikwambia wewe ni wa upande wangu.

Nimeyasikiliza mashtaka mengi dhidi ya kinanda, na hili peke yake ndilo ninaloliona limesimama. Si kwamba kinajipiga wala kwamba kinawafanya watoto wavivu. Ni kwamba kinakuja na ramani ya sauti kumi na mbili zilizopangwa kwa umbali ulio sawa, na mtoto anayejifunza muziki kwa kinanda tu anaiona ramani hiyo kuwa ndiyo nchi yenyewe. Fidla na udi havina ukuta huo: kidole kinateleza mpaka mahali pake. Ndiyo maana taarabu ya kisasa, hata iliponoga, wajuzi waliisikia imepungua kitu, ingawa wengi hawakuweza kukitaja. Na programu ya kunyoosha sauti imezidisha hatari. Zamani kinanda kilishindwa tu kupiga Rasti. Siku hizi mashine inaisikia Rasti na kuiita kosa.

Na tukiwa wakweli, Mzee mwenyewe alishiriki.

MAMA: Mjomba, nyinyi mlifanyaje? Maana mlipiga Rasti na Bayati kwa vinanda, niliwasikia.

MZEE: Tulidanganya. Mwimbaji akifika pale, mimi nainua kidole. Namwachia. Au nateremsha kile kigurudumu cha pembeni. Baadaye wakaja wenye vinanda vya Kiarabu, vya Korg, vya Yamaha, vina vibonyezo vya kushusha. Unachagua Mi, unabonyeza, inashuka nusu ya hatua ndogo. Mimi sikukipata. Kilikuwa bei.

FUNDI: Na hawa hawakihitaji, mzee. Kinanda kwao kinatoa maagizo tu. Sauti yenyewe wanaweza kuipata kwenye kompyuta. Dogo, chukua sauti ya fidla, igawe. Noti zote za Mi na Si ziweke njia ya peke yake, ishushe senti hamsini. Hatua ndogo ina senti mia, nusu yake hamsini. Zilizobaki ziache.

KIJANA: Ni kazi kubwa.

FUNDI: Dakika kumi na tano mara ya kwanza.

MZEE: Na si hamsini.

FUNDI: Mzee, vitabu vinasema hamsini.

MZEE: Vitabu vya wapi? Mi ya Misri ni nyingine, ya Uturuki nyingine. Yetu ya pwani imekaa inavyokaa. Weka hamsini, halafu mimi nitakwambia ipande au ishuke. Na muulize huyu binti, ndiye mwenye nayo.

Tazama kilichotokea. Mzee aliyeanza kwa kusema kinanda kinajipiga anabishana juu ya senti na fundi wa kompyuta, na katikati yao wamemweka msichana ambaye robo saa iliyopita alikuwa mshtakiwa. Sidai kwamba wimbo utakuwa mzuri. Inawezekana ukawa mbaya, wenye Rasti sahihi kabisa. Ila sasa wana kitu cha kubishania kilicho ndani ya muziki wenyewe, nao wanaweza kukipiga, kukisikiliza na kukipiga tena papo hapo. Studio ya Radio Tanzania isingewapa muda huo, na ya kulipia kwa saa isingewavumilia.

Limebaki la mwisho, na ndilo linalowagombanisha vijana wengi wanaoanza pamoja. Mama ndiye aliyelileta.

MAMA: Wimbo huu ukipendwa, ni wa nani?

KIJANA: Wetu.

MAMA: Hilo ni jibu la kabla ya pesa. Wa nani?

KIJANA: Biti ni yangu. Kinanda changu, kompyuta yangu.

BINTI: Maneno yangu. Na sauti ya kuimba niliitunga mimi, wewe uliifuata na vitufe.

KIJANA: Nikaisogeza. Kiitikio nilikibadilisha.

BINTI: Bila kuniambia.

FUNDI: Kumiliki kinanda si kumiliki wimbo, dogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtazama aliyetunga. Haki inaanza kazi inapoumbwa, haisubiri kusajiliwa, ingawa kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kunasaidia siku ya ubishi. Mliotunga pamoja ni watunzi pamoja. Halafu aliyeimba ana haki ya kuimba kwake, na aliyerekodi ana haki ya rekodi yake. Hizo ndizo hakishiriki. Hapo wewe unazo za rekodi. Tatizo ni kwamba hakuna kati yenu aliyefika miaka 18; mkataba wenu peke yenu haufungi.

MAMA: Basi nitatia saini mimi, na mama yake atatia. Leteni karatasi. Andikeni nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani kapanga muziki, na asilimia.

KIJANA: Mama, sisi ni marafiki.

MAMA: Ndiyo maana nasema sasa, mkiwa bado marafiki. Na mkigombana?

KIJANA: Hatugombani.

MAMA: Nimeuliza mkigombana.

BINTI: Mimi nataka nakala ya sauti yangu. Ile mbichi, kabla hajainyoosha. Kwenye flashi yangu.

KIJANA: Utaifanyia nini? Bila biti haina maana.

BINTI: Na biti bila mimi?

FUNDI: Mpe. Na wewe, binti, kubali kwa maandishi kwamba hiyo iliyomo kwenye wimbo haitaondolewa. Watu wazima wameshindana mahakamani kwa kukosa mistari miwili kama hiyo.

MZEE: Na mimi je? Nimewashushia Mi, nimewashushia Si. Siandikwi?

MAMA: Tutakuandika mshauri, mjomba.

MZEE: Mshauri halipwi. Andika mpangaji wa muziki, asilimia tano, na uanze na jina langu la jukwaani.